Ugomvi wa Wahariri wa Wikipedia na Kanuni za Kuuamua

Wikipedia ni kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na wasomaji wake wenyewe. Ilianzishwa na Jimmy Wales na Larry Sanger tarehe 15 Januari 2001, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Karibu kila makala inaweza kuhaririwa na yeyote, na kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa. Hivyo watu wasiojuana, wenye dini, vyama na mataifa mbalimbali, hukutana kwenye aya moja, kila mmoja akiwa na uwezo wa kufuta alichoandika mwenzake. Ugomvi hauna budi kutokea.

Kanuni kuu za maudhui ni tatu. Ya kwanza ni kutoelemea upande: makala ieleze mitazamo yote yenye uzito, kwa kadiri inavyojitokeza katika vyanzo vya kuaminika. Kanuni hiyo haigawi nafasi sawa kwa sawa. Anayeamini kwamba dunia ni bapa hapewi nusu ya makala ya jiografia. Ya pili ni uthibitisho: jambo lolote linaloweza kubishiwa lionyeshe lilikochapishwa. Ya tatu inamkataza mhariri kuingiza utafiti wake mwenyewe, au kuunganisha vyanzo viwili ili afikie hitimisho ambalo hakuna kimojawapo kilichofikia.

Kwa pamoja, kanuni hizi huhamisha mgogoro. Anayelalamika kwamba makala ina upendeleo hatakiwi kueleza anachoamini. Anatakiwa kuleta vitabu, majarida ya kitaaluma au magazeti yenye sifa nzuri yanayounga mkono dai lake. Ubishi kuhusu upendeleo hugeuka kuwa ubishi kuhusu vyanzo.

Mara nyingi ugomvi huanzia kwenye majina. Mji wa Gdańsk nchini Poland uliitwa Danzig na Wajerumani, na wahariri walifutiana majina hayo kwa muda mrefu. Mwaka 2005 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walipiga kura: Danzig litumike kwa miaka ya 1308 hadi 1945, na Gdańsk kwa nyakati nyingine. Maneno ya kuhukumu nayo huleta mvutano. Mpiganaji wa Mau Mau aliitwa gaidi na serikali ya kikoloni, ilhali Wakenya wengi humwita mpigania uhuru. Katika hali kama hiyo, makala hutakiwa kutaja nani alimwitaje, badala ya kutoa hukumu kwa sauti yake yenyewe.

Vyanzo pia hupimwa. Kitabu cha chuo kikuu kina uzito zaidi kuliko blogu, na taarifa ya kampuni kuhusu bidhaa zake haitoshi kuthibitisha ubora wa bidhaa hizo. Februari 2017 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliamua kwamba gazeti la Daily Mail la Uingereza kwa kawaida lisitumike kama chanzo, kwa kuwa halikuwa makini katika kuhakiki habari.

Wanaogombana huelekezwa kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano, ambako hoja hutazamiwa kushinda wingi wa watu. Katika toleo la Kiingereza, anayerudisha maandishi yake zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa. Wakabidhi, yaani wahariri waliokabidhiwa mamlaka ya usimamizi, wanaweza kufunga ukurasa hadi watu watulie. Juu yao kuna kamati ya usuluhishi, ambayo mwaka 2009 ilizuia uhariri kutoka anwani za intaneti za Kanisa la Scientology.

Utaratibu huu una udhaifu. Kwanza, chanzo kinaweza kuwa kimenakili Wikipedia yenyewe. Februari 2009, Karl-Theodor zu Guttenberg alipoteuliwa kuwa waziri wa uchumi wa Ujerumani, mtu asiyejulikana alichomeka jina la Wilhelm katika msururu mrefu wa majina yake. Vyombo vya habari vililichapisha bila kuhakiki, kisha habari ya Spiegel Online ikatolewa kama ushahidi wa jina hilo.

Pili, jumuiya ndogo inaweza kutekwa. Wikipedia ya Kikroatia ilishikwa kwa miaka mingi na kikundi cha wakabidhi wenye uzalendo mkali, waliopunguza uzito wa maovu ya Ustaša, utawala wa kifashisti wa Croatia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Croatia aliwaonya wanafunzi wasiitumie, na mwaka 2021 Wakfu wa Wikimedia, unaoendesha Wikipedia, ulitoa ripoti kuhusu upotoshaji huo. Kanuni zilikuwepo, wa kuzisimamia kwa haki hawakutosha.

Tatu, asiyeandikwa kwingine haandikiki hapa. Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia Donna Strickland wa Kanada ilikataliwa kwa upungufu wa vyanzo. Oktoba mwaka huohuo alipata Tuzo ya Nobel. Pengo hili huziumiza zaidi jamii zinazohifadhi elimu yao kwa masimulizi. Mwaka 2011 mradi uliofanyika India na Afrika Kusini ulijaribu kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama vyanzo, lakini hayajapata hadhi ya maandishi yaliyochapishwa. Kwa lugha kama Kiswahili, njia iliyo wazi ni kuchapisha zaidi: historia za mitaa, wasifu na tafiti zilizohakikiwa, ambazo mhariri yeyote anaweza kuzitaja na mpinzani wake akazikagua.