Sufuria Isiyo na Vishikio

Hebu itazame sufuria ya kawaida iliyo jikoni kwako. Haina mpini wala vishikio, na mfuniko wake ni bapa kama sinia. Umbo hilo halikuzuka kwa bahati. Sehemu kubwa ya bei uliyolipa dukani iliamuliwa na mchoraji, kabla fundi hajagusa mashine.

Sufuria ya alumini huanza ikiwa duara lililokatwa katika bati. Ukikata duara kubwa kabisa katika kipande cha mraba, zaidi ya sehemu 21 katika kila 100 hubaki pembeni, na hazina budi kurudishwa kuyeyushwa katika joto lipitalo digrii 660 za sentigredi. Maduara yakipangwa kwa kupishana, mabaki hupungua. Kisha duara hukandamizwa katika kalibu, likawa chombo kizima kisicho na kiungo. Ukingo hukunjwa kwa nje. Mkunjo huo hulitia nguvu bati jembamba, tena ndipo mpishi ashikapo.

Sasa ongeza vishikio viwili. Kila kimoja kitaundwa, kitatobolewa, kisha kitapigwa ribiti mbili. Sufuria nayo itatobolewa mara nne, na kila tundu likaguliwe lisije likavuja. Isitoshe, sufuria zisizo na vishikio huingiliana, ndogo ndani ya kubwa, hata gari moja likachukua shehena kubwa.

Je, gharama hiyo imetoweka? La hasha! Imehamia katika vidole vya yule anayeepua uji kwa kitambaa kilicholowa, na katika hatari ya mtoto achezaye karibu na jiko. Aliyehesabu ribiti alipaswa kuyahesabu na hayo. Unene wa bati nao ni vivyo hivyo: ukipunguzwa kwa robo, alumini hupungua kwa karibu robo, lakini wali huwahi kuungua chini, kwani joto halipati nafasi ya kusambaa.

Mfuniko, hata hivyo, una habari yake. Wapo wadhanio kwamba umenyimwa kirungu kwa ubahili. Muulize bibi yeyote wa pwani: wakati wa kupalia wali, makaa ya moto yatakaa wapi? Kirungu cha mbao kingeteketea, na mfuniko wenye mgongo ungeyamwaga makaa yote. Kwa bati moja bapa, kiwanda kilipunguza gharama, naye mpishi akapata kile hasa alichokihitaji.