Daktari Anapodai Nyongeza Juu ya Bima

Sisi wauguzi huumia sana tunapompokea mgonjwa aliyechelewa nyumbani kwa kuogopa malipo. Hata mwenye bima huogopa, akiwaza kwamba ataambiwa aongeze kidogo. Wenzetu wa Kanada walipambana na jambo hilo hilo.

Huko kila jimbo lina bima ya afya kwa wakazi wake. Saskatchewan ilitangulia mwaka 1962, na madaktari wakagoma siku 23. Daktari humtibu mgonjwa, kisha hupeleka hesabu kwenye bima ya jimbo na kulipwa kwa bei iliyopatanwa na chama cha madaktari. Lakini baadaye baadhi yao wakawa wanamdai mgonjwa nyongeza juu ya bei hiyo. Mwaka 1980 Jaji Emmett Hall, aliyekuwa amepewa kazi ya kuichunguza bima hiyo, alionya kwamba nyongeza zikiachwa zitaiua bima yenyewe.

Mwaka 1984 Bunge, kwa hoja ya Waziri wa Afya, Bibi Monique Bégin, likapitisha Sheria ya Afya ya Kanada. Haimshtaki daktari. Kila dola wanayotozwa wagonjwa kama nyongeza, serikali kuu huikata katika fedha inazolipa jimbo lile. Majimbo yalipewa miaka mitatu kuacha, ndipo yarudishiwe makato. Yote yaliacha, na yakarudishiwa zaidi ya dola milioni 240.

Ontario haikuwa rahisi. Mwaka 1986 madaktari wengi waligoma siku 25 wakitetea uhuru wa kupanga bei zao. Sheria ya jimbo ilipita hata hivyo. Mimi siwabezi, kazi yao ni ngumu na wanastahili malipo mema. Ila mahali pa kuyadai ni kwenye meza ya mapatano na serikali, si kwa mtu mwenye homa. Jaji Hall naye alishauri kwamba wakishindwa kupatana, mwamuzi aamue.

Sheria hiyo inahusu huduma za lazima za daktari na hospitali tu. Matibabu ya kawaida ya meno na dawa za kununua dukani hazimo. Wala ujanja haujaisha: mwezi Machi 2023 serikali kuu ilitangaza kuyakata majimbo zaidi ya dola milioni 82, hasa kwa sababu wagonjwa walitozwa fedha za vipimo vya picha katika kliniki za binafsi.