Bomba Mgongoni, Sumu Mwilini

Kenya hujivunia kwamba chai yake hukua karibu bila dawa ya wadudu, na baridi ya milima ya Kericho na Bomet husaidia. Lakini michai michanga, kabla matawi hayajakutana na kufunika ardhi, husongwa na magugu. Hapo bomba la kuulia magugu hupandishwa mgongoni.

Kisha kuna viazi, kabichi na nyanya kando ya chai, na ng'ombe wa kunyunyiziwa dhidi ya kupe. Mtu yuleyule, bomba lilelile.

Sumu iliyomo bombani tunaiita "dawa", na jina hilo hutupumbaza. Ngozi ndiyo lango lake kuu: bomba linalovuja hulowesha mgongo, na shati lililolowa huvaliwa hadi jioni. Kizunguzungu cha siku hiyo hupita. Madhara mengine huchukua miaka.

Huko Iowa na North Carolina, Marekani, watafiti wamefuatilia wanyunyizaji na wake au waume zao tangu 1993. Mwaka 2011 walieleza kwamba waliotumia parakwati, dawa ya kuua magugu, walipata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka viungo, takriban mara mbili na nusu zaidi ya wasioitumia. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuipiga marufuku mwaka 2007. Glaifoseti nayo, dawa nyingine ya kuua magugu, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ingawa wadhibiti kadhaa hawakubaliani nalo.

Mnyunyizaji anastahili glavu, buti, ovaroli na maji ya kuoga papo hapo. Nguo zake zifuliwe peke yazo, mbali na za watoto.