Upepo wa Ukingoni Newala, na Njia ya Maji

Wafanyakazi wengi wa mjini hudhani kwamba mapumziko ya familia hayana budi kuwa ya gharama kubwa, au kwamba Jumapili ya baba ni kilabuni na ya mama ni jikoni. Ndugu msomaji, ikiwa unaishi Mtwara au Masasi, au ikiwa likizo itakupeleka kusini, iko siku moja ya matembezi ambayo hata mtoto wa darasa la tatu ataimudu bila kubebwa: kutembea ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, pale Newala.

Ukitoka Masasi unaviacha nyuma vilima vya mawe matupu, mahali ambapo Wamisheni wa Kiingereza walifika mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Waliposhambuliwa na Wangoni mwaka 1882, walikimbilia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Nawe utaifuata safari yao, ila wewe utapanda kwa gari.

Kazi ya kupanda ikiisha garini, miguu haina tena mlima. Mji wa Newala uko juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, nao umekaa ukingoni hasa. Fuata ukingo hadi mahali paitwapo Shimo la Mungu. Hapo nchi inakatika ghafla miguuni pako. Chini kabisa ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Miezi ya kipupwe, kuanzia Juni, upepo huvuma kwa nguvu, kwa hiyo akina mama wafunge kanga barabara, na watoto wavae sweta hata kama jua linawaka. Watoto wadogo washikwe mkono. Wala usiende bila maji.

Nasema hivyo kwa sababu maji ndiyo habari yenyewe ya Newala. Mvua hunyesha huko juu vizuri tu, lakini udongo wa kichanga huyanywa maji yote, nayo hutokeza kama chemchemi chini ya mteremko. Basi kwa vizazi vingi akina mama wa Kimakonde waliteremka kwa miguu kuyafuata, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mgeni huuliza: kwa nini wasihamie bondeni? Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, naye aliuliza. Wazee wana masimulizi yao. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikawa mwanamke, akamwoa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto, akafa; wakasogea juu kidogo, wa pili akafa; wa tatu alizaliwa juu uwandani, akaishi. Anayeijua homa ya bondeni hataicheka hadithi hiyo.

Jeshi nalo lilifunzwa somo hilohilo. Oktoba 1916 Wareno, waliokuwa wamekwisha vuka Ruvuma, waliiteka Newala. Walikuwa na ngome juu, lakini maji yao yalikuwa chini. Wajerumani wakawazingira, wakawatenga na maji, na kabla Novemba haijaisha Wareno walikuwa wamekwisha kimbia usiku kurudi mtoni.

Katika miaka ya 1950 pampu zilianza kusukuma maji hadi juu, yakauzwa vituoni. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Finland ilisaidia miradi ya maji katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Mzigo ulipungua. Hata hivyo pampu ikiharibika, au mafuta yakikosekana, kichwa cha mama ndicho kilichorudi kazini, na sijaona mnara wa kumbukumbu uliojengwa kwa ajili ya kichwa hicho.

Kwa hiyo, mkishakula, chukueni mwenyeji awaonyeshe mojawapo ya njia za zamani za maji. Teremkeni kiasi cha nusu saa tu, polepole, kwani changarawe huteleza. Wakati wa kupanda, baba na vijana wapokezane dumu la lita 5 kichwani. Wadogo wabaki juu na bibi yao, chini ya mkorosho, mahali ambapo upepo haufiki, wakimalizia mihogo.