Njia Iliyochorwa na Mizigo

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye njia panda ya Bwegera, waendesha pikipiki walikuwa wamejikunyata juu ya mashine zao, makoti yamefungwa hadi kidevuni. Mmoja akaniita, "Lemera? Panda twende, papa!" Nikamwambia naenda kwa miguu, na jioni nitarudi hapa hapa. Akatazama viatu vyangu, kisha akawatazama wenzake. Hakuna aliyecheka, ila ukimya wao ulikuwa na maneno.

Bwegera iko katika uwanda wa Ruzizi, kwenye barabara nambari 5 inayotoka Uvira kwenda Bukavu, mbele kidogo ya Luberizi na kabla ya Luvungi. Hapo ndipo njia ya Lemera inapojitenga na kuelekea magharibi, milimani. Mpango wangu ulikuwa mwepesi kuusema: nipande kwa njia hiyo, nikate kushoto kabla ya kufika Lemera, nifuate mgongo wa mlima, niteremkie bonde jingine, nirudi nilikotoka. Kilomita 24 hivi, na kupanda kama mita 800. Ulikuwa mwezi wa Juni, mvua zimekatika, na wiki hiyo njia ilikuwa shwari. Huku kwetu mtu huuliza kwanza habari za usalama, za mvua baadaye.

Kuhusu muda, nilipiga hesabu ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliyeiandika mwaka 1892 na wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ikatoka saa sita na dakika chache. Nilitumia zaidi ya kumi. Naismith hakuweka humo salamu, na katika milima ya Wafuliiru mtu hapiti mlango wa mwenzake kama mbuzi.

Dakika za kwanza uwanda ulikuwa na baridi. Usiku hewa ya milimani hupoa, ikawa nzito, ikateremka mabondeni kama maji na kutuama chini. Kwa hiyo nilipopanda kidogo joto liliongezeka, kinyume na tunavyofundishwa shuleni. Baadaye tu, jua liliposhika, ndipo kanuni ya kawaida iliporudi: kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Na jua lenyewe lilinipiga mgongoni. Lilichomoza nyuma yangu, juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya mto Ruzizi.

Njia huanza katika mashamba ya muhogo. Kabla ya nyumba za mwisho kulikuwa na dimbwi la kuloweka mihogo, na harufu yake inatangulia kufika: kali, kama pombe iliyolala. Ndani ya muhogo kuna kemikali ambayo ukiukata au kuuponda hutoa sianidi, sumu ya kuua. Kuloweka siku tatu au nne huwapa bakteria nafasi ya kulainisha mzizi na sumu kupotelea majini na hewani. Mwanamke aliyekuwa akiitoa alibonyeza mzizi mmoja kwa kidole gumba, akaurudisha. Haujaiva. Hakuhitaji saa wala kipimo.

Baada ya hapo ardhi inabadilika ghafla, na sababu yake ni kubwa kuliko mlima wenyewe. Uwanda huu ni kipande cha ardhi kilichozama. Bara la Afrika linapasuka taratibu kutoka Uganda hadi Malawi. Kingo mbili zimebaki juu, katikati pakadidimia. Upande huu ni milima ya Lemera, upande wa pili ni safu ya Kibira huko Burundi. Shimo likijaa maji ni ziwa, likijaa mchanga na kokoto ni uwanda. Ziwa Tanganyika, kusini kidogo, lina uso ulio mita 773 juu ya bahari na kina cha mita 1,470. Maana yake sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Huku juu shimo hilo hilo limefukiwa, nasi tunalima juu yake mpunga.

Mfukiaji nilimkuta kwenye ukingo wa kijito, mahali maji yalipokata udongo kimo cha mtu. Palikuwa na matabaka kama keki: mchanga laini, juu yake mawe ya mviringo makubwa kama vichwa vya watoto, kisha mchanga tena. Mchanga huletwa na maji ya kawaida. Mawe yale hayasogei kwa maji ya kawaida. Kila tabaka la mawe ni mvua moja kubwa, usiku mmoja ambao mtu alilala akisikia mto unanguruma kama lori. Mito yetu hutoka kwenye mteremko mkali na kufika ghafla palipo tambarare, nguvu zinaisha, inatua mizigo yake na kuitandaza kama ungo. Vijiji vingi vya kandokando ya barabara kuu vimejengwa juu ya nyungo hizo, kwa sababu udongo ni mzuri na maji yapo. Aprili 2020 mito ya mji wa Uvira ilipofurika na kuua watu wengi, ilikuwa inafanya kazi hiyo hiyo iliyoujenga mji.

Kupanda kwenyewe kulianza pale. Hapa barabara ya magari huzunguka sana, lakini kuna njia ya miguu inayoikata, na nilipoifuata nikagundua haipandi wima. Inalala, inakata kulia, inageuka, inakata kushoto. Nikadhani ni uvivu wa ng'ombe. Kumbe sivyo. Mtafiti wa Italia, Alberto Minetti, pamoja na wenzake, waliwapandisha watu kwenye mashine za kutembelea zenye mielekeo tofauti huku wakipima hewa wanayovuta, wakaona kwamba mteremko wa kama asilimia 25 ndio unaompandisha mtu kwa gharama ndogo kuliko yote kwa kila mita ya kwenda juu. Ukipunguza, unatembea mno. Ukizidisha, misuli inapoteza zaidi ya inachopata. Njia za miguu za milimani, alisema, hukaa karibu na kiwango hicho. Hakuna mhandisi aliyepita hapa na kipimo. Walipita watu wenye magunia, na kila aliyeona mahali fulani panamkata pumzi alisogea hatua mbili pembeni, na wa nyuma yake akakanyaga hapo.

Wenye magunia wenyewe walianza kuteremka kama saa mbili asubuhi. Ilikuwa siku ya soko. Maharagwe, ndizi, makaa. Akina mama wengi walibeba mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho chini. Nilijibanza pembeni, kwa kuwa njiani mwenye mzigo ndiye mwenye haki. Mama mmoja wa makamo alisimama, akaegemeza gunia lake kwenye ukingo wa udongo bila kulitua, ukingo uliolainika kwa kuegemewa.

"Unaenda wapi, papa?"

"Nazunguka tu, mama. Nitarudi Bwegera."

"Bila mzigo?"

"Bila mzigo."

Akafikiri. "Sasa iyo ni kazi gani?"

Swali lake ni la haki, na wanasayansi wamelizunguka kwa muda. Mwaka 1986, katika jarida la Nature, Maloiy, Heglund na wenzao walichapisha vipimo vya wanawake wa Kenya: Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kichwa, kama hawa wa kwetu. Walikuta kwamba mzigo ukiwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia oksijeni zaidi kuliko wakitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 ilitolewa sababu: mwili unaotembea huyumba juu ya mguu kama timazi lililogeuzwa, na hawa hupoteza kidogo sana kati ya hatua na hatua. Habari hiyo ilipendwa, labda kupita kiasi. Utafiti wa Afrika Kusini uliotoka mwaka 2010 haukuona punguzo hilo kwa jumla. Baadhi ya wanawake walikuwa nalo, wengine hawakuwa nalo kabisa, na wengi waliumwa shingo. Tena vipimo vya Kenya vilifanywa kwenye tambarare. Wapagazi wa Nepal, waliopimwa na matokeo kutoka mwaka 2005, wanaume kwa wastani walibeba asilimia 93 ya uzito wao na wanawake 66, milimani, na siri yao haikuwa mwujiza wowote. Walitembea polepole na kupumzika mara nyingi. Ule ukingo wa udongo uliolainika ni maabara ya akina mama wa huku.

Mimi sikuwa na mzigo ila mwili. Una kilo 65. Kuunyanyua mita 800 ni kazi ya kilojuli 510 hivi, lakini misuli hugeuza robo tu ya chakula kuwa kazi, iliyobaki ni joto na jasho. Kwa hiyo kupanda peke yake kulinigharimu karibu kilokalori 490: unga mkavu wa muhogo gramu 140, bonge moja la ugali la heshima. Nililila saa nne juu ya mgongo wa mlima, kwa sombe, nyumbani kwa mzee aliyenionyesha mtazamo kana kwamba ni shamba lake. Maharagwe yake yalikuwa jikoni tangu alfajiri. Kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kuni haziwezi kuyaongezea hata nyuzi moja. Zinaongeza mvuke tu.

Kutoka pale Ruzizi ni uzi uliojikunja katikati ya uwanda. Umetoka Ziwa Kivu, mita 1,460, na kabla ya kufika Kamanyola umekwisha kuanguka sehemu kubwa ya kimo chake. Maji ya mlima niliosimama hushuka kwenye Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanatokea Lukuga, yanafuata Lualaba na mto Kongo hadi Atlantiki. Ng'ambo, mvua inayoangukia mgongo wa nyuma wa Kibira inakwenda Ruvubu, Kagera, Ziwa Nyanza, Nili, Misri. Milima miwili inayotazamana, na bahari zao hazijuani.

Lemera yenyewe sikuifikia, ila niliiwaza. Hospitali yake, ya kanisa la Kipentekoste, ndiko Denis Mukwege alikofanya kazi alipomaliza udaktari Bujumbura mwaka 1983, na ndiko alikoona kina mama wanafika wakiwa wameumizwa na uzazi baada ya kutembea au kubebwa kwa machela kutwa nzima. Oktoba 6, 1996 ilivamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Njia niliyoipanda kwa starehe ndiyo waliyoipita kina mama hao.

Mpanda ngazi hushuka. Kwa mwanafizikia, mzunguko unaorudi ulipoanzia ni sifuri: kila kilojuli niliyoipa dunia nikipanda, dunia imenirudishia nikishuka. Mapafu yalikubali. Kwenye mteremko wa kama asilimia 10 kwenda chini mtu hutumia nguvu kidogo kuliko hata kwenye tambarare, nami niliingia bonde la pili nikipiga mluzi. Mapaja hayakukubali. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inavutwa irefuke wakati yenyewe inakaza isirefuke. Nyuzi zake nyembamba huchanika kidogo kidogo, bila maumivu, na mtu hajui kitu hadi kesho yake. Hapo ndipo nilipoelewa hila ya soko hili. Kizito hushuka, chepesi hupanda: maharagwe na makaa kwenda chini, chumvi, sabuni na ndagala kurudi juu. Pumzi inaokolewa, deni linaandikwa magotini.

Saa tisa na nusu alasiri nilitokea nyuma ya Bwegera. Jua lilikuwa limeanza kuegemea mlima, na upande huu wa uwanda kivuli huja mapema. Upepo ulikuwa umegeuka tangu adhuhuri ukipanda bondeni, mawingu yamejikusanya kule nilikokula ugali, na chini hapakuwa na wingu hata moja. Ndiyo maana kule juu kijani hakikatiki na huku chini mpunga unangoja mifereji. Kwenye njia panda mwendesha pikipiki wa asubuhi aliniona, akanyanyua kidole gumba.

Siku mbili baadaye nilikuwa nateremka ngazi tatu za nyumba ya jamaa yangu kinyumenyume, nimeshika ukuta. Ilikuwa siku ya soko tena. Yule mama alipita na gunia lake, akaniona, akasimama. Misuli ikishachanika hivyo mara moja, ikipona hujipanga upya. Mteremko huo huo ukirudiwa ndani ya wiki chache hauumi tena kama mwanzo. Yeye hurudia mara mbili kwa wiki. Aliangalia miguu yangu, akauliza nilikuwa nimebeba nini.