Sonona: Mawazo Yanapogeuka Ugonjwa

Biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ina mawazo yake. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi hurudi mitupu. Mvua ikinyesha, dagaa walioanikwa huharibika, na mkopo wa kikundi hausubiri. Mfanyabiashara akikosa usingizi kwa ajili hiyo, haumwi. Giza likirudi na mzigo ukapatikana, naye huchangamka.

Sonona haiendi hivyo. Mzigo unauzika, furaha hairudi. Mtu anaamka saa tisa usiku na halali tena. Ugali kwa sato hauna ladha, simu hapokei, chenji anakosea, na kila baya anajitwika yeye. Wengi hulalamikia mwili: kichwa kinagonga, kifua kinabana, miguu haina nguvu, ilhali vipimo vya malaria na taifodi havionyeshi kitu. Hapo ndipo maneno huanza: karogwa, mvivu, hana imani.

Kumbe ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa unawapata watu zaidi ya milioni 280 duniani, wanawake wengi kuliko wanaume. Hauna chanzo kimoja. Urithi wa ukoo, kujifungua, maradhi ya muda mrefu, pombe, ufukara na misiba vyote huchangia. Misiba mwambao huu wa Ziwa Victoria unaijua: meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220. Kulia kwa kufiwa si sonona, ila msiba unaweza kuifungulia mlango.

Ugonjwa huu unatibika, na ushahidi uko ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, watafiti walijaribu tiba ya mazungumzo bila dawa. Vikundi vya wanaume na vya wanawake vilikutana kila wiki, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili tu. Baada ya wiki 16, waliokuwa na sonona kamili katika vikundi hivyo walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Kwenye vijiji vya kulinganisha, ambavyo havikupata tiba hiyo, zaidi ya nusu walikuwa bado wagonjwa.

Basi mtu aende lini hospitali? Huzuni au kukosa hamu ya mambo ikidumu wiki mbili, karibu kila siku, na kuvuruga kazi au nyumba, aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho jirani. Kwa rufaa, Mwanza ina hospitali za Sekou Toure na Bugando. Akiandikiwa dawa, ajue huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na asiziache bila kumwuliza daktari.

Anayesema amechoka kuishi asingojewe wiki mbili. Msimwache peke yake, ondoeni sumu na kamba nyumbani, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.