KEEKEE AU NYUNDO? ISTILAHI ZA VYOMBO VYA KUTOBOLEA MWAMBA

Igalula ni kituo cha Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora, katika nchi ya Unyamwezi ambako mawe ya matale hujitokeza juu ya ardhi. Tuchukulie kwamba mwalimu wa michezo wa huko anataka kuwafundisha vijana kupanda miamba kwa kamba, kama wafanyavyo wapandaji wa Kenya huko Lukenya na Hell's Gate. Anahitaji kutoboa mwamba ili atie bolti za kushikizia kamba. Anaandika ombi lake: "Drili moja ya nyundo, isiyo na waya." Karani wa ununuzi analipeleka dukani kama lilivyo. Je, kitakacholetwa ndicho kilichotakiwa? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hutegemea istilahi, na kupendekeza maneno yatakayowafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Vyombo viwili chini ya jina moja

Yako madukani mashine mbili zinazoitwa drili ya nyundo, nazo hazifanyi kazi kwa namna moja. Katika ile ya kwanza mna visahani viwili vyenye meno. Visahani hivyo vinapozunguka na kusuguana, kijembe hutetemeka mbele na nyuma. Mapigo ni mengi mno, makumi ya maelfu kwa dakika, lakini kila pigo ni dogo, na nguvu yake hutokana na mkono wa fundi anayeisukuma. Mashine hiyo yafaa kwa matofali.

Katika ile ya pili mna pistoni inayosukuma hewa, na hewa hiyo huirusha nyundo ndogo ipige kitako cha kijembe. Mapigo ni machache zaidi, kama elfu nne au tano kwa dakika, lakini kila moja ni zito. Uzito huo hupimwa kwa jouli, na mashine ndogo za mkono huwa na jouli moja hadi tatu. Fundi hana haja ya kuisukuma kwa nguvu. Jambo hilo ni kubwa kwa mtu anayening'inia kwenye kamba, kwa sababu hana pa kukanyaga ili apate kusukuma.

Mwalimu wetu akiletewa mashine ya kwanza, matale yatamshinda. Kijembe kitapata moto na kuwa butu, na tundu litatanuka mdomoni. Bolti ya kutanuka hushika kwa kubana kuta za tundu. Tundu likiwa pana kuliko kipimo chake, ambacho kwa kawaida ni milimita 10 au 12, bolti haishiki sawasawa. Kipimo cha Ulaya, EN 959, chataka kishikizo cha mpandaji kihimili kilonewtoni 25 kinapovutwa sambamba na uso wa mwamba, yaani karibu uzito wa tani mbili na nusu. Tundu baya haliwezi kutoa dhamana hiyo, na aliye chini ya bolti hiyo ni mtoto wa watu.

Neno la kwanza ndilo mwenyeji

Katika Kiswahili nomino kuu hutangulia na kivumishi hufuata. Mfasiri wa jina la kitaalamu yampasa ajiulize kwanza: chombo hiki kwa asili yake ni nini? Wajerumani wamelitatua jambo hili vizuri: mashine ya kwanza wanaiita mashine ya kutobolea yenye kupiga, na ya pili wanaiita nyundo yenye kutoboa. Sisi nasi tunaweza kufanya hivyo bila kukopa, kwa kuwa neno lenyewe tunalo. Seremala wa Pwani walikuwa na keekee, chombo cha kutobolea kilichozungushwa kwa uta. Kamusi za zamani zimetaja sehemu zake: kijembe, kile chuma chenye kutoboa, msukano, mti unaokishika kijembe, na jivu, mpini wa juu.

Kwa hiyo tunapendekeza mashine ya kwanza iitwe keekee tetemeshi, na ya pili nyundo tobozi. Kijembe kibaki kijembe, ijapokuwa mafundi wengi husema biti. Msukano uwe jina la sehemu ya mashine inayokishika kijembe. Jivu tuliache, kwa sababu msomaji wa leo atafikiri majivu ya jikoni, mpini unatosha. Kile kibati chenye tundu kinachokazwa na bolti ili kamba ishikizwe hapo, kiitwe kiango, jina la kale la kitundikio cha taa.

Ya betri, si isiyo na waya

Maneno "isiyo na waya" hutaja kisichokuwapo, na mwingine atakumbuka redio. "Ya betri" hutaja kilichopo, na papo hapo huzaa maswali yanayostahili: betri ni ya volti ngapi, ina akiba ya saa-ampea ngapi, ya pili ipo, na zitachajiwa wapi? Mwamba mgumu humaliza betri upesi kuliko tofali.

Ombi la mwalimu sasa laweza kusomeka hivi: "Nyundo tobozi moja ya betri, volti 18, jouli zisizopungua mbili, betri mbili, vijembe vya matale vya milimita 12, brashi na pampu ya kutolea vumbi tunduni." Karani asiyejua kupanda mwamba hata kidogo hawezi kukosea.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilieneza Kiswahili bara kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, na bara nako kumekilipa Kiswahili: ikulu ni neno la Usukuma na Unyamwezi. Huenda wavunja mawe na wachimba visima wa huko wanayo majina ya kazi hii yaliyo bora kuliko haya tuliyoyapendekeza. Tunawaomba walimu walio karibu nao wayakusanye na kuyaleta, pamoja na maelezo ya jinsi kila chombo kinavyofanya kazi.